Chai ya Jirani Mpenda Mazingira

Jirani yetu hapa Takaungu alihama Nairobi kwa sababu, kwa maneno yake, alitaka kuishi na miti na ndege. Miti aliikuta. Akaikata minazi yote ya kiwanjani mwake, asije akaangukiwa na nazi kichwani. Mahali pake akapanda nyasi zilizoletwa kwa lori, nyasi ambazo mbuzi wetu hawaruhusiwi hata kuzinusa, kisha akajenga bwawa la kuogelea, ilhali bahari iko nyuma ya ukuta wake. Ili vyote hivyo vipate maji, akachimba kisima kirefu na kukitia pampu inayonguruma kutwa kucha.

Haukupita mwaka, kisima tulichoachiwa na babu kikageuka chumvi. Maji matamu yote ameyavuta yeye, na bahari imeingia mahali pake.

Juzi akaja na shikamoo yake ya kujifunza, kutualika kwake kwenye semina: namna sisi wenyeji tunavyoweza kutunza mazingira. Mama akamkaribisha chai. Alipopiga funda la kwanza, akakunja uso.

"Mama, nadhani umekosea, umetia chumvi badala ya sukari."

Mama akaanza kuomba radhi, maana kwake mgeni ni mgeni tu. Nikamkatiza.

"Sukari imo," nikamwambia jirani. "Chumvi umetutilia wewe, kwa pampu yako. Sisi twainywa kila asubuhi. Haya, maliza kikombe, kisha utufundishe."