Jina la Binti wa Tatu

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ndivyo wanavyosema. Waliosema hivyo hawakupanda camion, lori la mizigo, kutoka Butembo kwenda Beni na mtoto wa miaka mitatu, wakati wa vita, barabara ikiwa matope matupu. Wangeongeza neno.

Na mtoto mwenyewe hakuwa wangu. Alikuwa wa mdogo wangu wa kike, aliyeishi Beni. Kwetu, mtoto akikataa kuacha ziwa anapelekwa kwa nyanya yake, ao kwa mama mukubwa, dada ya mama yake, akae huko mpaka asahau. Basi huyu akaletwa kwangu Butembo kukaa mwezi mmoja. Vita vikakata barabara. Ziwa alilisahau haraka, kisha akasahau na sura ya mama yake. Alikaa kwangu mpaka akajua kusema, na alipojua kusema, yoo, hakunyamaza tena.

Halafu baba yake akatoroka jeshi la wale waliokuwa wameshika barabara. Desturi yao tuliijua: mtu akitoroka, wanashika mke ao mtoto, wanangoja mwenyewe ajitokeze. Mdogo wangu akanitumia mtu: niletee mtoto wangu kabla hawajafika kwako, tuvuke wote kwenda Uganda. Mimi nitavukaje, alisema, nikimwacha mmoja?

Kati yangu na yeye kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha askari hao. Donc nikamfundisha mtoto. Njiani mimi ni mama, hapana mama mukubwa. Wakikuuliza baba, sema yuko shambani. Alishika upesi. Nilijiona mwerevu kweli.

Tulikaa juu ya magunia ya viazi. Kabla camion haijatoka sokoni aliuliza, "Tumefika?" Nikasema bado. Akauliza tena. Kwanza tulihesabu chukudu, zile baiskeli za mbao ambazo vijana wanasukumia mizigo. Yeye alijua moja mpaka ine, kisha anarudi kwa moja, kwa hiyo barabara nzima ya Beni haikuwa na chukudu zaidi ya ine. Tukaimba nyimbo zote za kanisani kwetu. Zilipoisha tukaanza za Wakatoliki, maana mama mmoja aliyekaa nyuma yetu alituhurumia akatufundisha, mais naye alichoka, akajifunika kitenge kichwani.

Kwenye mteremko wa Kabasha camion ilizama. Wanaume wakashuka kusukuma, sisi wengine tukakaa kando na mvua yetu. Mtoto analia, anataka nyumbani. Nyumbani gani, weye? Nilikuwa nimechoka, mgongo umekufa, mdomo umekauka kwa kuimba, na bado nilipaswa kucheka naye, kwa sababu mtoto akilia kwenye bariyeri askari wanakuja kuangalia. Nilichukua gunzi la muhindi tuliokula, nikalifunga kipande cha kitenge, nikamwambia, huyu ni mutoto wako. Akamkumbatia. Baada ya muda kidogo akanigeukia, uso wa mtu mzima.

"Huyu anakatala kuacha ziwa."

"Eh! Tutafanya je?"

"Tumupeleke kwa mama mukubwa."

Nilicheka, mara ya kwanza siku ile bila kujilazimisha. Kisha nikamkumbusha: leo hapana mama mukubwa, leo ni mama tu. "Ndiyo," akasema, kama mtu anayemvumilia mjinga.

Camion ikatoka kwenye matope, na mbele kidogo tukaona kamba imefungwa barabarani. Tulishuka wote. Askari aliyekuja kwetu alikuwa kijana wa kabila letu, Munande, bunduki imening'inia begani, kandambili miguuni.

"Mutoto ni ya nani?"

"Ni wangu, chef."

"Baba yake?"

"Yuko kwa shamba," mtoto akajibu mwenyewe, vizuri kabisa.

"Uko na batoto wangapi?"

"Niko na huyu moja tu."

Akainama. "Jina yako ni nani, kadogo?"

Mtoto akalitaja jina lake kwa sauti, kama nilivyomfundisha nyumbani, wageni wakifika.

Ee Mungu wangu. Nilikuwa nimefikiria kila kitu, baba, shamba, mama, mais lile jina sikulifikiria hata kidogo. Sisi Wanande jina halifichi kitu. Mwana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, na ukilisikia tu unajua mtu ni wa ngapi. La huyu lilikuwa la binti wa tatu. Dada zake wawili walikuwa Beni kwa mama yao. Mgeni asingesikia kitu. Huyu kijana alisikia.

Alisimama wima. Alipoongea tena alitumia Kinande, pole pole. Aliuliza: huyu ni wa tatu. Wale wawili wa mbele wako wapi?

Sikutafuta jibu. Lilitoka lenyewe.

"Balikufa," nikasema. "Ilikuwa surua. Tulikuwa tumekimbilia porini, dawa hakuna. Mukubwa kwanza, kisha mudogo yake."

Haikuwa uongo. Wasichana wangu wawili, wa kuzaa mwenyewe, wamezikwa huko porini, na mpaka siku ile sikuwa nimelisema kwa mdomo wangu. Majirani walijua, hawakuniuliza. Sasa nilikuwa ninamwambia mwenye bunduki, tena kwa kumdanganya. Nililia pale pale, na sikulia kwa ujanja.

Kijana aliangalia chini. "Pole, mama," akasema, kisha akaenda kushusha kamba.

Juu ya magunia sikuwa na wimbo tena. Mtoto ndiye aliyeanza.

"Mama, bale bawili balikufa?"

"Ee."

"Bale ya mbele yangu?"

"Lala, mama yangu. Lala."

"Batarudia lini?"

Nilimwambia ahesabu chukudu. Akahesabu mpaka ine, akasinzia, gunzi lake shingoni mwangu.

Beni tuliingia jua likiwa bado liko. Mdogo wangu alikuwa ametungoja kwenye uwanja wa parokia, na binti zake wawili kandokando yake, wamepakwa mafuta, wamevaa nguo za Jumapili. Aliita. Mtoto alijificha kwenye shingo yangu, hamjui. Mdogo wangu akafuta machozi akicheka, akawasukuma wasichana mbele kidogo.

"Angalia, mwanangu. Ni dada zako. Bale bawili ya mbele yako."

Nikasikia kichwa kinainuka begani mwangu. Aliwaangalia, mmoja, kisha mwenzake. Akanishika uso kwa mikono yake yote miwili, akanigeuza ili nione.

"Mama! Bale bawili! Habakufa!"

Mdogo wangu aliacha kucheka. Yeye alikuwa anajua habari ya wasichana wangu. Mtoto alishuka mwenyewe, akanivuta kitenge, ana haraka, hataki nichelewe.

"Kuja, mama. Kuja ubashike."

Nilikwenda, nikawashika. Mikono yao ilikuwa na joto.