Hilary na Sheria ya Kimya

Paa!

Kofi moja tu. Halikufuatwa na la pili, kwa sababu aliyelipiga alishtuka mikono ikiwa bado hewani. Wakati huo Hilary Tluway alikuwa mhudumu katika hoteli ya kitalii juu ya vilima vya Rhotia. Sinia likiwa kwapani, alikuwa amesimama nyuma ya ukumbi akiwasikiliza Wazungu wanne waliokuja kuwapigia Wazungu wenzao fidla, na muziki ukafika mahali ukasimama. Kwao Endamarariek, muziki ukisimama umekwisha, na aliyeupiga hupongezwa. Hilary akapongeza. Vichwa vyote vikageuka. Bibi mmoja mwenye mkufu wa lulu akamtazama kama unavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani. Kumbe wimbo ule ulikuwa na vipande vinne, na hicho kilikuwa cha kwanza.

Mwingine angecheka, akapeleka glasi jikoni, akasahau. Hilary aliibeba sauti ile miaka na miaka. Akifuta meza, paa. Akisinzia katikati ya mahubiri, paa. Na kama ilivyo desturi ya mtu aliyeaibishwa na wakubwa, hakuwachukia wakubwa. Aliwachukia wapiga makofi.

Akajifunza fidla kwa mtawa mzee wa parokiani, mama mvumilivu kuliko watakatifu aliowaomba. Hilary hakuwa na sikio. Alivuta upinde kama mtu anayekata mua kwa kisu butu. Lakini mdomo alikuwa nao, na mdomo huo ndio ulioanzisha kikundi cha Chemba ya Nyanda za Juu. Angela, mwalimu wa chekechea, alipiga fidla ya kwanza, na huyo kweli alijua kupiga. Hyasinta alipiga fiola, fidla yenye sauti nzito kidogo, na hakusema kitu. Raphaeli, pande la mtu lililowahi kupiga gitaa kwenye baa zote za Karatu mjini, alipiga selo, ile fidla kubwa inayokaa sakafuni, na kila walikokwenda aliibeba mgongoni kama ndama mgonjwa. Hilary alijipa fidla ya pili na cheo cha Mkurugenzi wa Sanaa.

Mwanzoni wenye nyumba pale mjini waliliona bango la kikundi wakampigia simu.

"Mnazibua hata vyoo vya nje, au vya ndani tu?"

"Hii ni chemba ya muziki, mzee wangu."

"Sawa, lakini yangu imeziba."

Walipiga mahotelini, mbele ya watalii waliokuwa wakisinzia baada ya kutwa nzima ya kuwatazama simba wanaosinzia. Waliagiza tungo mpya kwa watunzi wa Arusha, zenye majina marefu kuliko zenyewe. Kisha Hilary akajifunza maneno matamu kuliko yote, kuifikia jamii, na aliyatamka kana kwamba jamii ilikuwa imejificha mahali. Wakaifikia Engaresero, ambako joto la kandokando ya Ziwa Natron lililegeza nyuzi hadi wakapiga wimbo mzima ambao hakuna aliyeuandika. Wakaifikia na Endamarariek, nyumbani kwao Hilary, wakati wa kupura maharage.

Pale ndipo Sheria ya Kimya ilipozaliwa. Watu walikuja na vigoda vyao, na Angela alipochangamsha mkono akina mama wawili wakainuka kucheza. Hilary alisimamisha muziki. Aliwaeleza kwa upole, kama daktari, kwamba muziki huu hauchezwi, haupigiwi vigelegele, hauitikiwi wala haupigiwi makofi mpaka yeye mwenyewe ainamishe kichwa. Wakakaa. Wakanyamaza. Walimsikiliza hadi mwisho kwa adabu iliyowapinda migongo. Baadaye mama yake, Cresensia, alimvuta pembeni.

"Mwanangu, umetuita msibani na hujatuambia. Kafa nani?"

Raphaeli alicheka mpaka akaegemea ukuta. Hilary hakucheka. Alijibu kwamba huo ndio ustaarabu. Mama yake akatikisa kichwa, akarudi kwenye maharage yake.

Basi ikaja habari ya wafadhili. Walikuwa wawili, mke na mume kutoka Ulaya, waliokuwa wakikilisha kikundi na sasa walitaka kuona kama kilichopandwa kimeota. Wangekuja na kamera yao, wangerekodi tungo moja mpya ikipigwa mbele ya wananchi, kisha waamue. Ikiwapendeza, kikundi kingeendelea na hata kingealikwa kwao. Isipowapendeza, ndiyo kwaheri, na Hilary angerudi hotelini. Meneja alikwisha kumwambia, tena kwa wema, kwamba sinia lake bado lipo.

Tungo iliyoagizwa iliitwa Baraka ya Malisho. Mtunzi wake alikwenda Endulen kutafuta roho ya nchi, akapigwa na baridi ya kule juu, akarudi Arusha na mafua na wazo. Wazo lenyewe halikuwa baya. Nyuzi zingepiga taratibu kama ukungu unavyoshuka kwenye kingo za kreta, lile bonde la volkano, na katikati mzee wa Kimaasai angetoa baraka kwa lugha yake, baraka ya kweli, si ya kuigiza.

Mzee aliyepatikana aliitwa Kakuta, na alikuwa na masharti: kiti chenye mgongo, na chai ambayo kijiko kikisimama ndani yake hakianguki. Kwa kuwa Kiswahili hakukipenda, alikuja mazoezini Karatu pamoja na Nashipai, mwalimu wa shule ya msingi kule Endulen, awe mkalimani. Mazoezi yalikwenda vizuri mno. Kakuta aliomba watoto, akaomba ng'ombe, akaomba mvua, na kila mzee alipotua, Nashipai, aliyekuwa pembeni akimenya mayai ya kuchemsha, alisema "Naai", neno la kumwita Mungu na kuipokea dua. Hilary aliyasikia yale manaai. Aliyachukulia kama guno la mtu anayefurahia yai.

Siku ilipofika walipanda gari, wakapita geti la hifadhi, wakazunguka kingo za kreta ndani ya ukungu, wakashuka upande wa pili hadi Endulen, kwenye vumbi. Mvua ilikuwa imekataa kule. Ng'ombe walisimama mbavu zikihesabika. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mnada, wazee wamejifunga mashuka yao, akina mama na shanga zao, na viti vya plastiki vilivyotoka Karatu vilipangwa mistari kama darasa. Nyuma yao bango lilipepea: Muziki kwa Kila Boma.

"Mwalimu Nashipai," Hilary alisema, "sasa tafsiri sawasawa. Waambie hakuna kupiga makofi. Hakuna kuimba. Hakuna kuitikia chochote, mtu yeyote, hadi mwisho. Mtu akikohoa, akohoe kwenye shuka."

Nashipai alimsogelea karibu. "Kaka Hilary, hata mzee akianza baraka?"

"Hapo ndipo hasa! Pale ndipo ukimya wenyewe unapotakiwa."

"Lakini kwetu baraka isipo..."

"Mwalimu, hiki si kikao cha kijiji. Wewe mwenyewe simama mbele wakuone, uwe mfano."

Nashipai alimtazama yule mwanamume mwenye tai, akawatazama Wazungu na kamera yao, akatafsiri. Wazee wakanong'onezana kidogo. Walifikiri labda ni masharti ya mashine ile. Mgeni ana mambo yake, na mwenyeji muungwana hamwaibishi mgeni.

Muziki ukaanza. Ni haki kusema ulikuwa mzuri. Angela alivuta uzi mmoja mrefu, mwembamba, na hata punda aliyekuwa nyuma ya bango aliinua masikio. Kisha nyuzi zikashuka, na Kakuta, ambaye hakualikwa kusikia sheria ya Hilary kwa kuwa alikuwa akimalizia chai, akainuka na fimbo yake.

Aliomba watoto wazaliwe na wakue. Akatua.

Kimya.

Kakuta akafikiri hawakusikia, maana vile vifidla navyo vilikuwa vikilia. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Watu walitazama chini. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alijiziba mdomo kwa kiganja. Nashipai alisimama mbele kama mlingoti wa bendera, midomo imebanwa hadi imepauka.

Mzee akaomba ng'ombe wanone. Kimya. Akaomba mvua, na hapo sauti yake ilikwisha kuwa ya mtu anayegonga mlango huku akisikia wenye nyumba wakipumua ndani. Kimya. Tangu alipokuwa mzee wa kutoa baraka, Kakuta hakuwahi kuomba peke yake. Alisimama pale, mkono na fimbo hewani, akiwatazama watu wake mmoja mmoja. Kisha akashusha fimbo, akakaa, akageuza uso.

Raphaeli alikuwa wa kwanza kuacha kupiga. Hyasinta akafuata. Angela alibaki na uzi wake mmoja, ukafifia, ukakatika.

Na katika ukimya ule makofi yakalipuka. Paa, paa, paa! Walikuwa wale wafadhili wawili. Mama mfadhili alikuwa akilia waziwazi. Alikuja akamshika Hilary mikono yote miwili, akamwambia kwa Kiswahili chake cha vitabuni:

"Ndugu Hilary! Ukimya huu! Jinsi mzee anavyoita, na dunia haijibu! Tungo kubwa, kubwa sana. Tunaomba mrudie mahali hapo hapo, mume wangu asogeze kamera karibu na uso wa mzee. Na watu wanyamaze hivi hivi. Tukipata hicho, mtakuja kwetu wote."

Moyo wa Hilary ulipanda kingo za kreta ukarudi. Wazungu walikuwa wamempigia yeye makofi, tena katikati ya wimbo! Alitamani yule bibi wa lulu angekuwepo. Akawageukia wenzake ili wajiandae, ndipo alipomwona Nashipai anakuja, na hakuja kwa mwendo wa mkalimani.

"Mzee anasema dua yake imeanguka chini," alisema. "Ameombea watoto, ng'ombe na mvua, na watu wamekataa mbele ya Mungu. Akina mama wanalia. Unaelewa umefanya nini? Baraka isiyopokelewa hapa ni kama laana."

"Mwambie asikasirike. Arudie mara moja tu kwa ajili ya kamera, halafu tukishamaliza waitikie wanavyotaka, hata mpaka jioni."

"Kaka Hilary. Mungu siye anayesubiri kamera."

"Basi mwambie nimeiondoa sheria. Waitikie!"

Nashipai akaenda, akainama mbele ya mzee, akasikiliza, akarudi.

"Hawataitikia. Wanasema wewe ndiye mgeni mwenye shughuli, na neno lako hawalivunji kwa kuletewa na mtu mwingine. Mzee anasema aliyefunga midomo ya watu aifungue kwa mdomo wake. Yeye ataanza upya sasa hivi. Na wa kwanza kupokea uwe wewe."

Hilary akamtazama Raphaeli, labda apate msaada. Raphaeli alikuwa ameikumbatia selo yake.

"Mkurugenzi," alisema, "mama yako alikuuliza kafa nani. Leo ndiyo siku ya kumjibu."

"Funga mdomo wako, Raphaeli."

"Nimeshafunga, bosi. Sote tumefunga. Ni wewe tu umebaki."

Taa nyekundu ya kamera ikawaka. Yule mama mfadhili, macho bado yana machozi, alimtabasamia Hilary na kuweka kidole midomoni, shhh, kama mzazi kwa mtoto aliye kanisani. Angela akainua upinde. Uzi mwembamba ukaanza tena juu ya uwanja wa mnada, juu ya viti vya plastiki na ng'ombe wenye mbavu.

Kakuta akainuka. Safari hii hakuwatazama watu wake. Alimtazama Hilary moja kwa moja, na nyuma yake uwanja mzima ukamtazama Hilary: wazee, akina mama, yule mwenye mtoto mgongoni, kiganja chake bado kiko mdomoni.

Hilary alifikiria Ulaya. Alilifikiria sinia. Kisha, bila kulialika, likamjia jambo lingine. Alikuwa mdogo, nyumbani kwa babu yake Endamarariek, wazee wamekaa na pombe yao, babu akiomba kwa Kiiraqw mstari mmoja baada ya mwingine, na wote wakiitikia kama mvua ya mbali. Yeye, katoto ka nyuma ya mlango, aliitikia kwa nguvu kuliko wote, na hakuna aliyegeuka kumtazama vibaya. Hata siku ile hotelini hakuwa amefanya zaidi ya hapo. Alisikia mtu ametoa kitu, akapokea. Na lile neno la Nashipai na mayai yake, sasa alijua, halikuwa guno.

Paa, likasema kofi la Rhotia kichwani mwake.

Mzee akainua fimbo, akaomba watoto wazaliwe na wakue. Akatua.

Kidole cha mama mfadhili kilikuwa bado midomoni. Hilary akashusha fidla yake, akasema kwa sauti ambayo ingemwamsha labda nzi:

"Naai."