Wiki Nne za Hundi Yangu

Nakumbuka, mwanangu, safari iliyonifikisha Kisangani kuliko ninavyokumbuka safari zangu nyingine zote, na nimesafiri nyingi mno. Siku nne kwa mtumbwi kutoka Opala, tukishuka mto Lomami, mvua ikitulowesha na jua likitukaushia nguo mgongoni. Isangi nilingoja masua, ile meli ya mto, siku tano, nikilala juu ya magunia ya mchele ya watu. Kisha tukapanda mto mkubwa polepole, tukapita Yanonge, tukisimama kila penye kuni. Nilikuwa na sanduku la bati, viatu vya kuvalia mjini na, ndani ya kitabu changu cha sala, karatasi moja iliyokunjwa mara mbili. Karatasi hiyo ilikuwa hundi.

Nilikuwa karani wa mizani katika shamba la kahawa huko Opala, miaka ile ya hamsini. Mwenye shamba, Mzungu, aliuza kila kitu arudi kwao, na mshahara wangu aliokuwa ameniwekea miaka mitatu akanilipa kwa hundi ya banki ya Leopoldville, mji mkuu. Sikuwahi kushika hundi. Niliona jina langu limeandikwa vizuri kwa wino, nikaona nimeshalipwa.

Na kwa nini Kisangani? Kwa sababu ya Albertina. Baba yake, Papa Dominiko, alikuwa mvuvi wa pale kwenye maporomoko. Kila kiangazi alikuja Opala kuuza samaki wa moshi, na binti yake alikuja pamoja naye. Mimi ndiye niliyewapimia samaki, na leo nakiri kwamba nilipima polepole. Mara ya tatu walipokuja, mimi na Albertina tulikuwa tumeshapatana. Papa Dominiko akaniambia nije kwao na mahari, wajomba waitwe kutoka Yanonge, jambo lifanywe mchana mbele ya watu.

Walinipokea vema. Siku ya tatu Papa Dominiko alinipa kikapu changu cha kuvulia, kirefu kuliko mimi, cha aina ile inayofungwa kwa kamba za mwituni kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji makali. Akanifundisha. Kikapu hutegwa, huachwa, huinuliwa kwa saa yake. Kikiwa bado majini hutaji samaki, wala hutumi neno nyumbani mama abandike sufuria. Na kikapu cha mtu, maadamu yuko, hakiinuliwi na mwingine. Nilicheka moyoni. Mimi nilikuwa mtu wa kalamu, haya ya vikapu yalinihusu nini?

Kesho yake nikaenda banki. Karani aliyenipokea alikuwa kijana mweusi kama mimi, amefunga tai, mpole wa maneno. Aliigonga hundi muhuri, akanipa risiti, akanieleza vizuri. Hundi hii, alisema, bado si pesa, ni barua ya kuomba pesa. Itakwenda Leopoldville. Huko watatazama sahihi, watatazama kama mwenye shamba ana kitu katika akaunti yake, kisha watatuandikia sisi. Hesabu wiki tatu. Afadhali hesabu nne, usiumize moyo.

Nilipokuwa njiani, ndege ikanyanyuka kutoka Simi-Simi, uwanja wa ndege wa pale, ikapita juu ya michikichi. Nikamwuliza mtu inakwenda wapi. Leopoldville, akasema, itafika leo hii kabla jua halijashuka. Basi nikapiga hesabu yangu mwenyewe: leo kwenda, kesho kutazama sahihi, keshokutwa kurudi. Wiki nne za nini? Nikasema yule karani anajikuza tu. Nilihesabu safari ya ndege, mwanangu, sikuhesabu meza ambazo karatasi hulala juu yake. Na methali zetu nazo zina ugomvi: moja husema haraka haraka haina baraka, nyingine husema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mimi nilichagua ile iliyonipendeza.

Asubuhi Papa Dominiko akaniuliza banki imesema nini. Nikamjibu kwamba Jumamosi ya wiki ijayo pesa zitakuwa mkononi. Hakuinua macho kwenye kamba aliyokuwa akisokota.

"Ni banki inasema," akauliza, "ao ni weye?"

Nikasema ni banki. Huo ndio uongo wangu, mdogo kama mbegu ya pilipili. Siku hiyo hiyo akatuma neno Yanonge.

Ijumaa ya mkesha nikarudi banki nimevaa viatu vyangu. Karani alifungua daftari, akalifunga. Jibu halijafika. Nikambembeleza, nikamwambia wajomba wako njiani, wanapiga kasia. Akanitazama kwa huruma.

"Ndugu, hata gavana akileta hii karatasi, atangoja."

Wajomba wakafika Jumamosi, mitumbwi miwili, na kwanga, ile mikate ya muhogo, na madumu ya pombe ya mchikichi, na bibi yake Albertina ambaye hakuwa ametoka Yanonge tangu mjukuu wake abatizwe. Mama wa nyumba alikuwa amepika liboke, samaki waliofungwa katika majani, tangu alfajiri. Nami nikasimama katikati ya ua, nikawasomea risiti, nikawaeleza na habari ya ile ndege. Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha wakaelewa wote.

"Bon," akasema tonton mkubwa, kaka wa mama yake Albertina. "Pesa ya mukwe wetu iko na mabawa, haina miguu."

Watu wakacheka. Albertina naye aliinamisha kichwa akitabasamu, na hilo liliniuma kuliko yote.

Papa Dominiko hakucheka. Alinipeleka kwenye mawe kando ya mto, ambako maji yana kelele hata ilibidi asemee sikioni mwangu.

"Mutoto, mimi sikukuomba pesa. Nilikuomba siku. Ungesema mwezi moja, ningengoja. Ungesema miezi mbili, ningengoja. Weye ulinipa siku yenye haikuwa ya kwako."

Kisha akaniambia wajomba watarudi, mto haujakauka, ningoje jibu langu kama wao wanavyongoja vikapu. Na Albertina, aliponiletea maji ya kunawa, alisema, "Ngoja tu. Mimi niko."

Hebu fikiri. Nilisamehewa siku ile ile niliyokosa. Nilichotakiwa ni kungoja wiki mbili zaidi. Lakini watoto wa mtaa walikuwa wamepata mchezo mpya: kila nilipopita walinyoosha mikono kama mabawa, wakavuma. Siku ya kwanza nilicheka nao. Siku ya tatu nilipita njia ya nyuma. Siku ya tano nilifunga sanduku. Aibu haiui, mwanangu, ila huhamisha.

Pesa zilifika. Zilifika wiki ya nne, kama karani alivyosema. Barua yake ilinifuata hadi Kindu, na baadaye pesa zenyewe, nami nikazila njiani, Bukavu, Kalemie, Bujumbura, nikibadilisha kazi kama mtu anayebadilisha shati. Nilisikia Albertina alingoja mvua mbili, kisha akaolewa Isangi. Sina lawama. Sasa imepita miaka arobaini, na popote nisikiapo maji mengi yakianguka husimama, nikatafuta harufu ya samaki wa moshi.

Kwa hiyo nakuusia. Ukipewa hundi, waulize wanaojua itachukua siku ngapi, na ukubali jibu lao hata likikuchukiza. Usimwahidi mtu siku ambayo bado iko mikononi mwa mwingine. Na ukikosea ukaaibika, kaa papo hapo. Watu huchoka kucheka upesi. Kutamani ulichokiacha hakuchoki.

Asubuhi ile niliyoondoka sikuaga. Nilipita kando ya mto na sanduku kichwani, nikielekea kivuko cha kwenda kwenye gari moshi la ng'ambo. Wavuvi walikuwa wameshapanda juu ya miti, wakiinua vikapu kimoja kimoja. Nikamwona Papa Dominiko amefika penye kikapu changu. Akaishika kamba, akaiona imekaza kwa uzito wa samaki, akatazama huku na huku ukingoni. Kisha akaiachia, akakaa juu ya mti kuningoja. Mimi nikaendelea kutembea.

Mungu akupe, mwanangu, mikono ya kutega, na moyo wa kukaa hadi saa ya kuinua.