Korongo wa Kaka Kwenye Jarida la Baiskeli

Baba yetu alikuwa mlinzi katika kambi ya wakimbizi ya Lukole. Mzungu mmoja alipomaliza kazi yake huko alimwachia katoni ya majarida ya baiskeli za milimani. Mama alitaka kuyatumia kuwashia moto, lakini kaka yangu akayawahi. Alizibandika kurasa zake kwenye ukuta wa chumba chetu kwa uji mzito wa muhogo, nami nikakua nikilala chini ya watu waliokuwa wakiruka miamba kwa baiskeli, vumbi likimetameta nyuma yao. Kiingereza hatukukijua. Tulidhani kuna nchi ambako mtu akijua sana kuteremka mlima, anatengenezewa kitabu.

Kaka alijifunza kuchora kwa kuziangalia picha zile. Alipofungua kibanda chake cha ufundi hapa Murusagamba, akitengeneza baiskeli zinazobeba ndizi na mihogo, akaanza kupaka rangi madigadi, yale mabati ya kukinga tope juu ya magurudumu. Alichora korongo wenye taji, wale wanaotua mabondeni kwetu. Shingo ya ndege aliifuatisha na mkunjo wa chuma, hata baiskeli ikikata kona ungeapa korongo amegeuza kichwa. Watu walivuka kutoka Burundi kuja kuchorewa.

Mimi nafundisha sekondari Biharamulo. Nilikuwa nyumbani likizo alipofika mgeni kwa baiskeli ya milimani, kamera begani. Alisema anaandikia jarida, na alipolitaja jina la jarida hilo, lilelile la kwenye ukuta wetu, kaka alimshika mkono akamwingiza moja kwa moja kwenye chumba cha zamani. Mgeni alisimama mbele ya ukuta ule, akaishusha kamera begani.

"Mwambie kaka yako nitaandika habari zake," aliniambia baadaye. "Wasomaji wamjue kwa jina. Waujue na mlima wake."

Nikatafsiri. Kaka alicheka hadi akakaa chini.

Mgeni alikaa kwetu, akala maharage yetu, na mama akawa anamwita mwanangu. Kaka aliipaka baiskeli ya mgeni korongo fremu nzima, kama zawadi. Asubuhi ya kuondoka kwake waliteremka mlima pamoja, kaka na mikungu ya ndizi kwenye keria kama kawaida yake, mgeni akitangulia kulala chini kwenye udongo na kupiga picha.

Miezi ikapita. Bahasha kutoka kwa mgeni ilifika shuleni kwangu. Sikuifungua. Niliipeleka nyumbani, tukaifungua uani, mama na majirani wakiwapo.

Ndani mlikuwa na jarida, na picha ilijaza kurasa mbili. Kaka anashuka, jua limemkaa mgongoni, vumbi limesimama kama pazia. Majirani walipiga vigelegele. Sijawahi kuona picha nzuri kama ile, na mpaka leo nasema hivyo.

"Nisomee," kaka alisema.

Nilisoma kimya kwanza. Ukurasa uliofuata ulikuwa na baiskeli mpya, helmeti, fulana, chupa ya maji, vyote vina korongo, shingo ileile. Maneno yalikuwa machache.

"Wameandika nini?"

"Wanauza baiskeli, kaka. Wanasema michoro ni ya wasanii wa kiwanda, waliovutiwa na vumbi la Afrika."

"Jina langu liko wapi?"

"Halipo."

"Na Murusagamba?"

"Haipo."

"Soma tena, mdogo wangu. Labda umeruka."

Nikasoma tena, nikitafsiri kila neno, hata yale ya uzito wa fremu. Majirani walianza kuaga mmoja mmoja.

Nilimwandikia mgeni kwenye simu. Alijibu kesho yake: picha imependeza, sivyo? Nilipomuuliza kuhusu habari za kaka, alisema wahariri walikosa nafasi, na kwamba kiwanda kilinunua picha zote, hata za michoro. Akaniomba nimsalimie mama. Salamu ile sikuifikisha.

Jioni nilimkuta kaka chumbani, amesimama mbele ya ukuta.

"Hizi nazo zinasema nini?" akauliza.

Kurasa zile nilizijua kwa macho tangu utotoni, nyeusi kwa moshi, na sikuwahi kufikiria kuzisoma. Nikasogea. Chini ya yule aliyeruka mwamba, niliyempenda kuliko wote, palikuwa na maandishi madogo: viatu, na mahali pa kuvinunua. Wa pili alikuwa anauza breki. Wa tatu, miwani.

"Zinauza vitu," nikamwambia.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Alikaa kitandani, mikono magotini.

Hakuzibandua. Kibanda bado anakifungua kila asubuhi, na kazi yake haina dosari. Juzi, nikiwa tena nyumbani likizo, mzee mmoja alileta baiskeli mpya akitaka korongo. Kaka alimwamkia kwa heshima, akalipaka digadi rangi nyeusi tupu, akaliweka juani likauke.

Mzee akaja kuniuliza mimi, "Kwani huyu amesahau kuchora?"

"Hapana, mzee," nikamjibu. "Hajasahau."