Gari la Shefu Kalala

Siku niliyoingia gereji kuu ya kampuni ya migodi hapa Kolwezi nilivaa shati langu la kanisani, kwa sababu hakuna aliyeniambia fundi huvaa nini. Shefu wa gereji, Tata Kalala, yaani Baba Kalala, mtu mfupi mwenye mabega mapana, alinitazama kuanzia kola mpaka viatu, kisha akanitia bisibisi ndefu mkononi.

"Weka ncha ku moteri, mupini ku sikio," akasema. "Uniambie unasikia nini."

Nilisikia kelele tu.

"Sikiliza tena. Mule ndani muko bantu bane banafanya kazi. Mumoja eko mugonjwa. Ni nani?"

Watu hao wanne walikuwa silinda, vile vyumba vya chuma ambamo petroli huwaka na kusukuma pistoni. Nilisimama pale nikihamisha bisibisi hapa na pale mpaka saa sita mchana. Nilipomwambia ni ya pili, hakunisifu. "Vua ile shati," akasema, "mama yako atalia." Akanipa koti la kazi lililonuka grisi ya mtu mwingine.

Nilikuwa mtu wa pupa. Naandika haya nikiwa na mvi, na bado sijui kukaa kitini nikamaliza chai. Nilikuwa nikikaza bolti mpaka zinakatika, nikiwasha moteri kabla sijajaza maji. Shefu Kalala alinivumilia kwa namna yake: kila nilichovunja alinifanya nikitengeneze mwenyewe mbele ya mafundi wote.

Baada ya miaka mitatu nilipelekwa mgodi wa Mashamba, kwenye machimbo ya wazi, ambako malori yalikuwa makubwa kuliko nyumba ya wazazi wangu. Huko nilikuwa chini ya Injenia Mkuu, mtu ambaye hakugusa grisi hata siku moja lakini aliandika kila kitu. Gari likiharibika, alitaka karatasi: nini kimevunjika, lini, kwa kosa la nani. Tulimchukia. Kisha nikatumwa Kapanga msimu mzima wa kiangazi, kutunza magari ya wapima ardhi karibu na Musumba, alikozaliwa baba yangu. Spea zilichukua wiki nyingi kufika kwa barabara zile, kwa hiyo nilijifunza kukata gasketi, ule utando unaozuia mafuta yasivuje kati ya vyuma viwili, kwa nyundo ndogo na katoni ya sabuni.

Niliporudi Kolwezi, Shefu Kalala alinifanya msaidizi wake. Wakati huo alikuwa na gari lake mwenyewe, gari dogo la Kifaransa, rangi ya maziwa, lenye mlango wa nyuma wa kupakia mizigo. Jumapili alilipanda na mke wake na binti yao Kapinga kwenda kanisani, na njia nzima watu waliwapungia mikono. Mimi ndiye niliyeachiwa kulifanyia sevisi. Hakuna fundi mwingine aliyeruhusiwa kufungua boneti.

Halafu zikaja zile siku ambazo wenzangu wa umri wangu hawapendi kuzizungumza. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai waliambiwa hapa si kwao. Baba yake Shefu Kalala aliletwa na kampuni kufanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, na Kasai alikuwa hajawahi kuiona. Haikusaidia kitu. Familia nyingi zililala stesheni siku nyingi zikingoja treni. Mimi ni Mlunda, mwenyeji, kwa hiyo hakuna aliyenigusa. Nilipita barabarani huku nikiona haya kwa usalama wangu.

Alikuja kwangu asubuhi moja akiendesha gari lile, akaliingiza uani, akazima moteri.

"Kapend, itunze," akasema. "Nitairudia."

"Nitaitunza, Shefu."

Akaondoka kwa miguu. Nililisukuma gari ndani ya banda, nikalifunika kwa turubai. Sikulitoa, kwani watu wangeuliza ni la nani.

Mwaka wa pili, kampuni ilianguka. Mishahara ilikatika mwezi baada ya mwezi. Mke wangu, Bernadette, alikuwa akisaga mihogo na kuichanganya na kitu chochote alichopata ili watoto wetu wale. Asubuhi moja niliingia bandani, nikafungua boneti, nikatoa kabureta. Hiki ndicho kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Bila hicho moteri ni chuma tu. Fundi mmoja wa mjini alikichukua, akanipa gunia la unga wa bukari, ugali wetu. Miezi michache baadaye Bernadette aliugua, nikatoa na dinamo, ile inayotengeneza umeme wa gari. Ilikwenda kwa dawa.

Mwaka huohuo barua ilifika kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai, ikiwa mikononi mwa mfanyabiashara. Shefu Kalala alikuwa hai. Mke wake alifia njiani. Aliuliza jambo moja tu: gari iko namna gani? Nikachukua kalamu nikajibu: "Shefu, gari iko salama."

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Makampuni mapya yalikuja, nikaajiriwa Fungurume, mji uliokua kuzunguka mgodi, nikitengeneza malori yanayobeba shaba kwenda mpakani. Nikapanda mpaka kuwa shefu wa zamu. Nikastaafu. Katika miaka yote hiyo sikuingia bandani. Bernadette alipotaka kufugia kuku humo, tuligombana mpaka majirani wakaja kuamua.

Kapinga alirudi Kolwezi akiwa mtu mzima, akaanza kuuza vitenge sokoni. Tulisalimiana kila tulipokutana, na kila mara nilikuwa na haraka ya kwenda mahali. Mwaka jana alikuja nyumbani, akakaa, akaniweka mahali ambapo nisingeweza kukimbia.

"Tata Kapend, Papa anakuya mwisho wa mwezi," akasema. "Macho inakufa, na munganga anasema moyo umechoka. Anataka kintu kimoja tu, apande gari yake. Inatembea, si vile?"

"Inatembea," nikasema.

Bernadette alikuwa mlangoni na sinia ya mchele. Alinitazama mpaka mgeni alipoondoka. Kisha akasema, "Uko na wiki tatu. Anza."

Ninyi mnaojifunza ufundi leo mna mashine inayochomekwa kwenye gari na kuwasomea ugonjwa. Gari lililolala zaidi ya miaka thelathini halisomeki hivyo. Turubai lilipotoka, panya walitoka nalo. Walikuwa wamejenga ndani ya kichujio cha hewa. Matairi yalipasuka kama mkate mkavu. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka ulimbo wa kahawia wenye harufu ya vanishi. Mbaya zaidi, moteri ilikuwa imeshikana: pistoni zimekamatwa na kutu ndani ya silinda, hazipandi wala hazishuki.

Dawa ya moteri iliyoshikana ni kungoja. Unatoa plagi, unamimina mazuti, yaani dizeli, iliyochanganywa na oili katika kila silinda, unaiacha inyonye. Ukilazimisha, unavunja. Nilimimina, kisha nikawa nazunguka uani kama mtu anayengoja habari za hospitali. Kila saa nilijaribu kwa spana kwenye puli ya mbele. Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Siku ya nne pupa ilinishinda, nikatia bomba refu kwenye mpini wa spana nikaegemea kwa uzito wangu wote. Bernadette alilivuta bomba kutoka mikononi mwangu.

"Unataka kuiua mara ya pili?"

Siku ya saba puli ilisogea upana wa kucha. Nikairudisha. Nikaisogeza tena. Nilikaa chini kwenye vumbi.

Nikaosha tangi kwa kokoto na petroli mpaka kutu ikaisha. Nikafungua ngoma za breki zilizogandana, nikabadilisha matairi na raba zote, nikasugua platini, vile vichuma viwili vinavyokatiza umeme ili plagi itoe cheche. Dinamo niliipata kwenye vyuma chakavu. Kabureta ya aina ile haikupatikana Kolwezi wala Likasi. Kule Fungurume, fundi mzee niliyefanya naye kazi alinipa moja iliyotoka kwenye gari la aina nyingine. Matundu hayakulingana. Nilikata bamba la aluminiamu, nikalitoboa, nikalipiga msasa siku mbili mpaka likakaa. Moteri iliwaka siku mbili kabla ya mgeni kufika, ikakohoa moshi mweupe uliofunika ua mzima, ikatulia. Nilipaswa kufurahi. Sikula.

Shefu Kalala alishuka kwenye gari la kukodi akiwa amemshika binti yake mkono. Alikuwa amepungua, mabega tu ndiyo yaliyobaki. Macho yake yalikuwa na ukungu. Hakunisalimia kwanza, alinyoosha mkono mpaka ukagusa boneti.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Aliinama, akaweka kiganja juu ya bati, akasikiliza. Muda mrefu. Kapinga alikuwa anatabasamu.

"Hii haiko kabureta yangu," akasema Shefu.

Ningeweza kusema ya zamani ilikufa kwa kutu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Nilitoa yako, Shefu. Niliipeana juu ya gunia ya unga. Mwaka wa pili kisha nyinyi kuenda."

Tabasamu la Kapinga likafa.

"Na dinamo?"

"Dinamo pia. Ilienda ku dawa ya Bernadette."

"Eko muzima?"

"Niko, Tata," Bernadette akajibu kutoka nyuma.

Alitikisa kichwa taratibu. "Batoto balikula ile unga?"

"Balikula."

"Unga sikuulizi. Mi pia kule niliuzisha nguo za marehemu juu ya kula." Akaondoa mkono kwenye boneti. "Ni barua ndio nakuuliza. Uliandika gari iko salama. Kule Kasai banatuita bageni, hapa banatuita bageni. Mi najisemea, hapana, niko na kintu kimoja kizima kule Kolwezi. Miaka yote. Na ile kintu ilikuwa bongo, uongo tu."

Moteri iliendelea kuunguruma kati yetu, na mimi, mtu ambaye sijui kusimama mahali pamoja, sikuweza kuinua mguu.

"Fungua mulango," akasema mwishowe. "Tuende. Hasira nitakuwa nayo mu gari."

Alitaka kwanza kupita nyumba yake. Niliendesha polepole, Kapinga nyuma. Mtaa ule umechimbwa. Krezeri, vijana wanaochimba kobalti kwa mikono, wametoboa viwanja na hata sakafu za vyumba, na juu ya kila shimo pana hema la plastiki. Nyumba ya Shefu ilikuwa imesimama nusu. Mwanamke mmoja alikuwa anafua mlangoni.

"Batata, munatafuta nani?" akauliza.

"Hakuna, mama," akajibu Shefu. "Tunapita tu." Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Muti ya avoka ingali?"

Niliutafuta kwa macho ule mparachichi wa uani. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo, asingeona.

"Haiko, Shefu. Pale kuko kishimo."

"Kirefu?"

"Sioni mwisho."

Alikaa akielekeza uso upande ule. "Muzuri," akasema. Sikuelewa uzuri ulikuwa wapi. "Endesha. Usizimishe."

"Tunaenda wapi?"

"Fasi yoyote. Usizimishe tu."

Tulizunguka mji mpaka petroli ikakaribia kuisha: stesheni, gereji kuu ambayo sasa ni ghala, kanisa. Njia nzima hakuniambia neno isipokuwa kuhusu gari. Gia ya pili inalia. Breki inavuta kushoto. Silinda ya tatu ni mgonjwa. Kesho yake aliniamuru nifungue, akakaa kwenye kiti kando yangu akishika kila kipande kwa vidole. Alipanga kukaa siku tatu. Alikaa wiki tano. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumwomba aseme.

Kabla ya kuondoka aliamua gari libaki kwa Kapinga, abebee vitenge, na mimi niwe fundi wake. Kwa sharti moja. "Kila kintu kikiharibika, uniambie. Usipambe."

Watu huniuliza mstaafu anafanya nini siku nzima. Natembea. Nakwenda sokoni kulitazama gari, narudi, nakwenda tena. Nilidhani kazi yangu ilikuwa kufanya magari yatembee, na nimefanya hivyo maisha yangu yote, kwa sifa. Yule Injenia Mkuu tuliyemchukia, na karatasi zake, alikuwa akitufundisha sehemu ya pili ya kazi, na sikuisikia mpaka nimezeeka.

Mwezi uliopita klachi ilikatika katikati ya soko, Kapinga akiwa na mzigo hadi juu ya paa. Nilifika, nikalala chini ya gari, nikatoka. Nikampigia Shefu simu kule Mwene-Ditu kabla hata sijafuta grisi mikononi.

"Shefu, gari imekufa."

Nilisikia anavuta kiti.

"Muzuri, Kapend," akasema. "Sasa niambie vile imekufa."