Risala Niliyoisoma Dukani kwa Masanja

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimepiga magoti sebuleni kwetu Sofu, simu mkononi, naibembeleza printa. Ilikuwa Ijumaa jioni, na kesho yake ndiyo mahafali yetu ya kidato cha nne. Simu ilizungusha kile kiduara chake, ikazungusha weee, halafu ikaniandikia kwamba hakuna printa iliyoonekana karibu. Na hiyo printa nilikuwa nimeiegemea kwa kiwiko.

Kabla sijaendelea, usicheke kuitwa mwanangu. Najua sasa uko kidato cha nne, na mimi nimemaliza juzi tu. Lakini wavulana wa darasani kwenu wanaitana mwanangu kutwa nzima na hakuna aliyemzaa mwenzake. Mwalimu wa Kiswahili ameniambia kuwa mwaka huu risala ya mahafali utaandika wewe, akaniomba nikuachie neno. Kuachia watu neno ni kazi ya wazee, basi nami nimejivika uzee kidogo. Ana kwa ana nisingeweza. Unanijua, hata kwenye foleni ya uji nilikuwa nawapisha watu ili nisiulizwe kitu. Ndiyo maana nakuandikia.

Printa yenyewe baba aliipata kazini kwake, walipouza vitu chakavu kwa mnada. Ni kubwa, nzito, ilikuwa nyeupe zamani. Ilikuja bila kompyuta, na kompyuta hatukuwahi kununua. Mama akaifumia kitambaa chenye maua pembeni, kama vile vya kwenye makochi, ikakaa mezani miaka yote hiyo imefunikwa kama bi harusi. Wageni wakiuliza, baba anafunua kidogo na kusema, "Mashine nzima hii. Inachapa." Na kweli ni nzima. Tatizo ni kwamba ilitengenezwa wakati simu kazi yake ni kupiga na kupokea. Haina Wi-Fi, simu haiijui. Inamsikiliza aliyefungwa nayo kwa waya tu, tena awe kompyuta. Siku ile baba aliizima, akaiwasha, akaipiga kofi la ubavuni kama tunavyofanya kwa rimoti, kisha akaniangalia na kusema, "Labda inaona aibu, kama wewe."

Alikuwa anatania, lakini alikuwa amegusa penyewe. Mimi nilitaka risala ichapwe nyumbani ili mtu asiione. Niliiandika mimi, ila msomaji alikuwa Hamisi, kiongozi wetu wa wanafunzi, yule mwenye sauti ya kutangaza mpira. Aliyejua kuwa mwandishi ni mimi ni mwalimu peke yake. Mpango wangu ulikuwa niichape mlango umefungwa, niitie kwenye bahasha, nimkabidhi mwalimu asubuhi, halafu nikae katikati ya wenzangu kama mtu asiyehusika. Nilidhani mambo haya ya kubonyeza simu na karatasi kutoka yameletwa duniani kwa ajili ya watu kama mimi, tusiopenda kuongea na mtu.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Kurui kwa ajili ya mahafali hayo, na kiroba cha mihogo na doti mpya ya kanga. Alikuwa amekaa mkekani ananitazama tu. Mwishowe akasema, "Mke mwenzangu." Ndivyo anavyoniita, kwa kuwa ninamwibia mume, yaani babu.

"Abee, Bibi."

"Kwani hicho chombo kinataka nini?"

"Waya. Na kompyuta."

"Na wenye navyo wako wapi?"

"Dukani kwa Masanja."

"Basi twende. Unakipigia magoti, kwani ni mkweo?"

Duka la Masanja ni lile la vifaa vya shule, lenye mashine ya fotokopi mlangoni. Masanja ni Msukuma, na bibi ni Mzaramo, kwa hiyo hata salamu hawakuimaliza vizuri. Masanja alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akaitikiwa marahaba, na palepale adabu ikaisha.

"Mtani," bibi akasema, "hiyo kompyuta umenunua au umebadilishana na ng'ombe?"

"Ng'ombe ningempata wapi huku kwenu, mnakofuga minazi?"

Mimi nilisimama nyuma ya bibi, simu nimeishikilia kifuani. Nikamwambia Masanja nataka kuchapisha kitu kilichomo kwenye simu. Akacheka kwa huzuni. Printa yake, alisema, na ya baba yangu ni mtu na dada yake, nayo haizungumzi na simu. Siku zote watu humtumia kwa mtandao, yeye anapokelea kwenye kompyuta na kuchapa, ila mtandao ulikuwa umekata tangu mchana. Akajaribu waya wangu wa kuchajia simu. Kumbe ni zile za bei rahisi, zinapitisha chaji tu, faili hazipitishi. Mwanangu, nilitamani kulia. Vyombo vyote vile mezani, kila kimoja kizima, na hakuna kinachomsikia mwenzake.

"Nisomee basi," Masanja akasema, akavuta kiti. "Wewe soma, mimi nachapa. Vidole vyangu vina mbio."

Nisome. Pale. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja na mtoto mgongoni, amekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, na kijana wa bodaboda aliyetaka kopi ya leseni. Nilitazama mlango. Bibi alikuwa ameshakaa kwenye benchi la mlangoni na miguu yake ameinyoosha, njia yote kaiziba.

Nikaanza. Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi, na wanafunzi wenzetu.

"Ongeza sauti, mdogo wangu. Nachapa, sibashiri."

Nikaongeza. Mwanzo ulikwenda vizuri, maana mwanzo wa risala zote ni ule ule, hata wewe utaukuta. Shukrani, historia ya shule, idadi yetu, michezo. Masanja anachapa tu hata kabla sijamaliza sentensi. Halafu nikafika pale pa kuomba. Nikasoma, "Pamoja na mafanikio hayo, shule yetu inakabiliwa na changamoto ya huduma ya maji, hususan kwa watoto wa kike."

"Changamoto ndiyo nini?" Sauti ya bibi hiyo, kutoka mlangoni.

Masanja akajibu bila kugeuka, "Ni tatizo, mtani, likivaa suti."

Mama mwenye mtoto akacheka. Kijana wa bodaboda akacheka. Bibi hakucheka.

"Nimemuuliza mke mwenzangu. Maji yapo ama hayapo?"

"Hayapo, Bibi."

"Hata bomba?"

"Bomba lipo. Halitoi."

"Sasa mbona huyo mgeni unamwambia kama vile maji yapo, ila yana mafua?"

Nikasema ndivyo risala zinavyoandikwa. Na ni kweli, nilikuwa nimesoma za miaka ya nyuma ofisini kwa mwalimu, zote zina neno hilo. Bibi akatikisa kichwa polepole. "Na hiyo ya watoto wa kike, ndiyo nini?"

Wewe unajua ni nini, unasoma pale. Unamjua pia Salma, niliyekaa naye dawati moja. Kidato cha kwanza Salma alikuwa ananishinda hesabu kwa mbali. Lakini kila mwezi alikuwa anabaki nyumbani siku kadhaa, akirudi anakuta mada imeshavuka, na kufika kidato cha nne yeye ndiye anayenakili kwangu. Hakuwa peke yake. Nilipoandika "hususan kwa watoto wa kike" nilikuwa namwandika Salma, ila nilimwandika kwa namna ambayo hata yeye mwenyewe asingejijua.

Bibi akasema, "Mjukuu wangu." Akiacha kuniita mke mwenzake, najua utani umekwisha. "Haya maneno kesho yanasomewa watu, si ndiyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na leo unayaficha watu wasiyasikie. Uliyaandika ya nini, basi?"

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Lakini mpaka leo nikishika kalamu naisikia.

Nikatazama skrini ya simu, ambayo haikuwa na maneno niliyotaka kusema, nikasema, "Bomba la shule halitoi maji. Wasichana wakiwa kwenye siku zao wanabaki nyumbani, kwa sababu chooni hakuna maji."

Vidole vya Masanja vikasimama. Nikangoja wacheke. Kijana wa bodaboda alikuwa anaigeuza leseni yake, mbele, nyuma, mbele. Kisha akamwambia Masanja, "Weka hivyohivyo, kaka. Mdogo wangu wa kike anasoma pale." Akatazama nje barabarani. "Kumbe," akasema.

"Ile changamoto niifute?" Masanja akauliza.

"Ifute," bibi akasema.

Printa ikaguna, ikameza karatasi, ikaitoa ya moto.

Kesho yake Hamisi alisoma vizuri sana. Alikuwa amefanya mazoezi ya ukurasa wa kwanza tu, na ukurasa wa pili alikutana nao pale jukwaani. Akasema, "Wasichana wakiwa kwenye," akakohoa. Akaomba samahani, akarudia, akakwama tena palepale. Wavulana wa nyuma wakaanza kunong'ona. Mwalimu wa Kiswahili akanitazama, akanitazama tu. Nikamtafuta bibi kwa wazazi. Alikuwa anarekebisha kanga yake mpya, hanitazami kabisa.

Nikasimama. Sikuwa na kipaza sauti, na sikwenda mbele. Niliisema sentensi ile pale nilipokuwa, kwa sauti ya dukani. Nilishaisema mara moja mbele ya watu nisiowajua, na ya pili ikapita. Nikakaa. Salma, pembeni yangu, alinishika mkono chini ya meza, na Hamisi akamalizia.

Mgeni rasmi akamgeukia mkuu wa shule. Akamuuliza, na kipaza sauti kikiwa hakijazimwa, "Ni kweli hakuna maji?"

Mkuu akajibu, "Ni changamoto, mheshimiwa."

Na kwa wazazi, mwanangu, bibi kizee mmoja kutoka Kurui akacheka peke yake.

Sasa neno lenyewe nililoambiwa nikuachie. Sikwambii uipende mashine kuukuu. Ile yetu bado iko chini ya kitambaa chake, bado inaniudhi, na nikipata kazi nitamnunulia baba inayoelewana na simu. Lakini najua kuwa kama ingenikubali Ijumaa ile, ningechapa ile changamoto yangu, nikaitia kwenye bahasha, na nisingejua kama nimeficha kitu. Kwa hiyo hata ukipata printa ya kisasa, usiiharakishe. Ukimaliza kuandika, tafuta mtu ambaye hakusoma shuleni kwenu, msomee kwa sauti. Pale sauti yako itakaposhuka, rudi hapo, kwa sababu hapo ndipo uliposema nusu. Na akikuuliza neno fulani maana yake nini, na wewe ukalazimika kulieleza, basi andika yale maelezo, lile neno liache.

Nasikia tangi limeshawekwa nyuma ya vyoo vya wasichana, ila bado halijaunganishwa. Kabla ya siku ya mahafali yenu, nenda ukafungue bomba kwa mkono wako. Likitoa, andika shukrani, nazo uziandike waziwazi. Lisipotoa, mwanangu, andika kwamba halitoi.

Mungu aukunjue ulimi wako, akupe na bibi wa kukaa mlangoni usikimbie. Na lile bomba, inshallah, alifungue Yeye.