Siku Niliyomtangazia Mpwa Wangu Chooni

Hii stori inaniaibisha mwenyewe, lakini naisema tu. Dada aliniachia mwanawe wa miaka minne pale Uyole, yeye akaenda sokoni na viazi vyake. Mtoto alikuwa hajapata choo siku ya tatu. Nikamkalisha kwenye poti, nikaanza kumtangazia kama mpira wa redioni: "Anakaribia goli! Kaza, kaza!" Mtoto akacheka, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Aliposimama, nyuma kulikuwa kumetokeza kitu chekundu kama nyanya iliyomenywa. Nikajua utumbo wote unamwagika. Akili yangu ikaniambia nimgeuze kichwa chini, miguu juu, ili urudi wenyewe. Nikakimbia naye hivyo hivyo mpaka zahanati, njia nzima watu wakinipigia kelele.

Nesi alininyang'anya mtoto. Akamlaza, akavaa glavu, akapaka mafuta, akakirudisha kile kitu chekundu ndani taratibu. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

"Kijana, huu sio utumbo wote," akasema. "Ni nyama ya ndani ya njia ya haja, imetoka kwa kukaza sana. Apewe maji, mapapai, na hii dawa ya kulainisha choo. Msimkalishe muda mrefu. Ikitoka tena mleteni, ila mumbebe kama mtu!"

Tukarudi nimembeba mgongoni. Tulipokaribia nyumbani akaninong'oneza sikioni, "Mjomba, kesho usinitangazie."